Rangi isiyochuja, maji ya kuchuja: mkaa wa vifuu, unga mweupe na jua

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Tuko akina mama sita, tuna kikundi cha batiki Kigogo. Tunatumia rangi za unga, kostiki (sodiamu haidroksidi) na haidro (sodiamu haidrosalfaiti, unga wa kuyeyushia rangi), na siku tukiwa na oda tunatoa maji machafu kama pipa moja na nusu. Tumekuwa tukiyamwaga kwenye mtaro unaoshuka mto Msimbazi, lakini majirani wanalalamika na mwenyekiti wa mtaa ameshakuja mara mbili. Mwanangu yuko chuo. Amesoma kwamba mkaa wa vifuu vya nazi unanasa rangi, na kwamba kuna unga mweupe, titani dioksidi, ukiutia kwenye maji ukayaacha juani unakula uchafu wote. Alijaribu kwenye chupa kwa unga aliopewa na fundi rangi wa nyumba, maji yakapauka kweli. Nataka kununua kilo tano za unga huo na kujenga tangi la mkaa. Je, maji yakishakuwa meupe yatakuwa salama kumwaga? Na naweza kumwagilia mchicha wangu uwani?"

Salama, dada yangu, na poleni na kazi. Nianze na jibu fupi, usije ukafika dukani kabla hujamaliza kusoma: unga usinunue, tangi la mkaa lisubiri, na mchicha usiumwagilie maji hayo. Mwanao hakudanganywa. Alichosoma ni sayansi ya kweli kabisa, ila ni ya hatua ya mwisho, na nyinyi hamjafanya bado ile ya kwanza.

Tuanze na mkaa, maana huo kila mtu anaujua. Watu hudhani mkaa unakunywa rangi kama sifongo linavyokunywa maji. Haunywi, unanasa. Fikiria ulimbo: ndege hazami ndani ya ulimbo, anagusa juu tu na miguu inabaki pale. Molekuli ya rangi nayo hugusa ukuta wa kaboni ikabaki hapo, kwa hiyo nguvu yote ya mkaa iko kwenye ukubwa wa kuta zake. Gramu moja ya mkaa amilifu, ule unaouzwa kwa ajili ya vichujio, huwa na kuta zenye jumla ya mita za mraba kama 1,000 zilizokunjwa ndani ya vitundu visivyoonekana. Gramu saba hivi, kijiko kimoja cha chakula na kidogo juu, zina uso sawa na uwanja mzima wa mpira.

Mkaa wa jikoni hauna uwanja huo. Ili vitundu vifunguke, vifuu vilivyokwisha kuwa mkaa hupitishwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000, au hulowekwa kwanza kwenye kemikali kama asidi ya fosfori ndipo vichomwe. Pipa lililofukiwa mchanga uwani halifiki huko. Utapata mkaa mzuri wa kuchomea mahindi, na utanasa rangi kiasi, lakini utashangaa jinsi unavyochoka upesi. Tena vifuu, kwa asili yake, hutoa vitundu vyembamba mno, vingi chini ya nanomita 2 (nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni). Ndiyo maana mkaa wake unasifika kwa kuondoa harufu ya klorini kwenye maji ya kunywa. Molekuli ya klorini ni ndogo. Molekuli ya rangi ya nguo ni kubwa, na nyingi zitakwama mlangoni.

Kuna jambo jingine ambalo makala za mitandaoni hazikuambii. Majaribio mengi ya mkaa wa vifuu, wa pumba za mpunga, wa maganda ya ndizi na kadhalika hufanywa kwa rangi moja ya maabara inayoitwa methilini buluu. Rangi hiyo ina chaji chanya, na uso wa mkaa wa takataka za shambani mara nyingi una chaji hasi, kwa hiyo vinavutana vyenyewe. Ni mtihani ambao karibu kila mwanafunzi anafaulu. Nami niliufaulu, nikatembea kifua mbele wiki nzima, mpaka tulipoletewa maji halisi ya kiwandani yenye chumvi na kostiki na mkaa wangu ukakaa kimya kama haunijui. Kwenye maji ya kostiki, uso wa mkaa unazidi kuwa hasi, na rangi nyingi za nguo zikiyeyuka humo nazo ni hasi. Vinasukumana. Mbaya zaidi, ukipitisha kostiki kali juu ya mkaa uliokwisha kunasa, unaweza kuachia kile ulichoshika jana.

Na mkaa hauui kitu, unahamisha. Rangi iliyokuwa kwenye maji sasa iko kwenye mkaa. Wenzetu wa Arusha wanaujua mchezo huu kwa upande mwingine: pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambako mkaa wa mifupa ya ng'ombe hutumika kunasa floraidi ya maji ya kunywa, na kila chujio lina siku yake ya kujaa. Likijaa, maji yanapita yakiwa na floraidi yake na kwa macho huoni tofauti yoyote. Kwa rangi angalau utaona. Kwa vitu visivyo na rangi hutaona.

Sasa ule unga mweupe. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walichapisha kwamba titani dioksidi ikipigwa na mwanga ndani ya maji inaweza kuyapasua maji yenyewe. Kinachotokea ni hiki: mwanga wenye nguvu ya kutosha ukiipiga punje ya unga, elektroni inaruka kutoka mahali pake na kuacha tundu. Elektroni inaikimbilia oksijeni iliyomo majini, tundu linanyang'anya elektroni kutoka kwenye maji, na hapo inazaliwa radikali ya haidroksili, kitu chenye njaa kiasi kwamba kinararua karibu kila molekuli ya kikaboni kinayokutana nayo. Kwa muda wa kutosha, rangi inaishia kuwa kaboni dioksidi, maji na chumvichumvi, na unga unabaki kama ulivyokuwa. Ndiyo maana unaitwa kichocheo.

Ila radikali hiyo inaishi muda mfupi mno, chini ya kupepesa jicho mara elfu na elfu, na haitembei. Kisichokuwa kimeshikana na punje hakiliwi. Hapo ndipo wataalamu wanapopenda kuunganisha mambo mawili aliyosoma mwanao: unga unapakwa juu ya mkaa amilifu au udongo, mkaa unavuta uchafu karibu, mwanga unautafuna, nafasi inafunguka tena. Ni wazo zuri kweli. Kwenye kituo cha utafiti wa jua cha Almería, Hispania, wamekuwa kwa miaka mingi wakipitisha maji machafu kwenye mirija ya kioo yenye vioo vya kukusanya jua nyuma yake, na inafanya kazi. Jua tunalo, tena kuliko wao. Kwa nini basi nakukataza?

Kwanza, unga aliopewa mwanao na fundi rangi karibu hakika si kichocheo. Titani dioksidi ya rangi za nyumba ni ya aina ya rutile, na watengenezaji huivisha ganda la alumina au silika kwa makusudi, ili isile rangi ya ukuta juani. Yaani wamemfunga mbwa mdomo kabla ya kumuuza. Inayotumika maabara huwa na aina ya anatase kwa wingi, haina ganda, na ina punje za nanomita ishirini na kitu. Huipati kwa fundi. Hata ukiipata, vumbi lake si la kuchezea: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka kundi la 2B kwa wanaolivuta puani. Na punje ndogo namna hiyo haziketi chini ya ndoo. Utamwaga kichocheo chako pamoja na maji.

Pili, anatase inaamka kwa mwanga wenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 388 hivi tu, yaani urujuanimno. Katika jua lote linalotuunguza hapa, sehemu hiyo ni kama asilimia 4 au 5. Na maji yenu yana rangi nzito. Chukua tochi usiku, iwashe nyuma ya beseni la buluu: unaona nini upande wa pili? Jua nalo linaishia hapohapo, sentimita ya kwanza. Ndiyo sababu nasema ni hatua ya mwisho, ya maji ambayo tayari yamekaribia kuwa meupe, yakipita kama utando mwembamba. Na ukiyatia kostiki na chumvi, zile radikali zinamalizwa na vitu vingine kabla hazijaifikia rangi.

Tatu, hili ndilo linalonifurahisha kidogo, naomba radhi. Rangi za kostiki na haidro mlizichagua kwa sababu hazichuji. Mteja anaianika batiki juani miaka na miaka na buluu inabaki buluu. Sasa mnataka jua hilohilo liivunje kwa mchana mmoja. Kitambaa kisichochuja kimetiwa rangi isiyokubali kufa kirahisi.

"Lakini maji yalipauka," utaniambia. Yalipauka, naamini. Mnajua wenyewe kwamba kitambaa kikitoka beseni la haidro huwa na rangi nyingine kabisa, kisha hewa inakipiga na buluu yenyewe inakuja. Haidro inaivua rangi oksijeni ili iyeyuke. Hewa inaivisha tena na inaganda ndani ya uzi. Kwenye chupa ya mwanao inawezekana rangi ilijificha tu, au ilipata hewa ikawa vipunje vikazama pamoja na unga. Mwambie arudie kwa chupa tatu zenye maji yaleyale: moja ina unga na iko juani, ya pili ina unga na imefunikwa kwa kitambaa cheusi, ya tatu haina unga na iko juani. Kama ya gizani nayo imepauka, ni kunasa au kuzama tu. Kama isiyo na unga imepauka, ni hewa au jua lenyewe. Kisha amimine maji "meupe" kwenye beseni pana ayakoroge dakika kumi. Rangi ikirudi, haikuwa imekwenda popote.

Na hata rangi ikivunjika, si lazima iwe imekwisha. Rangi za jamii ya azo zikikatika katikati zinaweza kutoa vipande visivyoonekana kwa macho, na baadhi ya vipande hivyo vinajulikana kusababisha saratani. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya mwaka 2002 ulipiga marufuku rangi za azo zinazotoa vipande hivyo kwenye nguo zinazogusa ngozi. Maji meupe na maji safi ni vitu viwili.

Tatizo lenu kubwa, dada, ukiniuliza mimi, wala si rangi. Ni kostiki na haidro. Kostiki inapandisha pH, kile kipimo cha asidi na kostiki ambacho 7 ni katikati, hadi 12 au 13, na viwango vyetu vya maji ya kumwaga vinataka kati ya 6.5 na 8.5. Haidro inapofika mtoni inanyonya oksijeni ya maji, na samaki hawafi kwa rangi, wanakufa kwa kukosa pumzi. Usifikiri utalimaliza kwa kuongeza maji pia. Maji ya pH 13 ukiyazimua mara mia yanashuka hadi 11 tu.

Kwa hiyo ningekuwa kwenye karakana yenu ningefanya hivi. Beseni la rangi lisimwagwe kila siku. Lifunikwe, liongezwe haidro kesho yake na kutumika tena, mkitoka rangi nyepesi kwenda nzito, na mabaki yaende kwenye kahawia na nyeusi. Kila lita isiyomwagwa ni lita usiyoisafisha, na kostiki na haidro si bei rahisi. Maji ya kutolea mishumaa yaachwe yapoe, nta igande juu, muiengue na kuiyeyusha upya. Nta ikiingia kwenye mkaa au mchanga imeua chujio siku ya kwanza.

Maji ambayo ni lazima yatoke, yakae kwenye pipa wazi siku nzima, nje, mkiyakoroga kwa mti kila mnapopita. Hewa inamaliza haidro na kuigandisha rangi. Subirini mpaka rangi yake halisi irudi na isibadilike tena. Hapa nisikilize vizuri: usitie siki, ndimu wala asidi yoyote kwenye maji ambayo bado yana haidro. Inatoka gesi ya salfa dioksidi, harufu kama ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi, na mwenye pumu inaweza kumpeleka hospitali. Maji ya betri msiyaguse kabisa.

Baada ya hapo ndipo pH ishushwe. Asidi ya sitriki inafaa, na ni rahisi kuipima: kila gramu 10 za kostiki zilizobaki kwenye maji zinataka gramu kama 16 za asidi hiyo. Fanyeni hesabu ya pipa zima mtaona kwa nini nimesisitiza kurudia beseni. Tieni kidogo kidogo, mpime kwa karatasi za pH. Karatasi zikikosekana, maji ya rosela yatakupa picha tu: yanabaki mekundu kwenye asidi, yanageuka kijani kwenye kostiki.

pH ikifika 7 hivi, kazi inayobaki ni ya shabu, ileile ambayo bibi zetu walikorogea maji ya mto. Kwenye maji ya kostiki kali shabu inayeyuka na haifanyi kitu. Kwenye 6 hadi 7.5 inakuwa mawingu meupe yanayobeba vipunje vya rangi hadi chini. Kipimo chake hakikisiwi. Yeyusha gramu 10 za shabu kwenye lita moja ya maji safi. Kata chupa sita za maji za lita moja na nusu, kila moja itie lita moja ya maji yenu machafu yaliyokwisha kushushwa pH, kisha kwa bomba la sindano la duka la dawa tia mililita 5 kwenye ya kwanza, 10 kwenye ya pili, halafu 20, 30, 40 na 50. Kila mililita 10 ni miligramu 100 za shabu kwa lita. Koroga haraka dakika moja, polepole dakika kumi, acha nusu saa. Utaona chupa moja ambayo maji ya juu yamekuwa meupe na chini kuna tope lililoketi vizuri, na inayofuata haizidi ubora. Hiyo ndiyo dozi yenu, mpaka mbadilishe rangi.

Rangi hizi za haidro, zikishaganda kwa hewa, huondoka vizuri sana kwa shabu, kwa sababu haziyeyuki tena. Nadhani mtashangaa kwamba hamkuhitaji jua. Maji ya juu yapitishwe kwenye pipa la mchanga, na kama bado yana kivuli cha rangi, hapo, na hapo tu, nunueni mkaa amilifu wa punje kidogo, mkiyaacha maji yakutane nao dakika 15 hadi 30. Utadumu, kwa sababu kazi kubwa imeshafanyika. Mkaa huo ukichoka, usiuweke jikoni kuchomea chapati. Uanikwe pamoja na tope la shabu chini ya paa, uwekwe kwenye mifuko, na upelekwe kwa mwenye kibali cha taka hatarishi. Orodha yao waulizeni NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Mchicha bado hapana. Kostiki ni sodiamu, na ukiipooza kwa asidi sodiamu haiondoki, inabaki kama chumvi. Mkaa hauinasi, mwanga hauivunji, kwa kuwa elementi haivunjiki. Ikirundikana, udongo unafumbana, unatoa ukoko mweupe na maji hayapenyi. Madini kama shaba na kromi yaliyomo kwenye baadhi ya rangi nayo hayavunjiki, na mboga zinayabeba. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa mboga za majani za kando ya mito ya Sinza na Msimbazi uliopima kadmi, shaba, risasi na zinki ndani yake. Hilo bonde lina mzigo wa kutosha. Maji yenu tumieni kwa suuza ya kwanza ya kitambaa kinachofuata au kudekia karakana.

Kuhusu kumwaga, mimi siwezi kukuidhinishia kutoka hapa, na mwenyekiti wa mtaa pia hawezi. Kama nyumba imeunganishwa na bomba la majitaka, nendeni DAWASA, mamlaka ya maji, mkaombe ruhusa ya kuingiza maji ya karakana. Kama haijaunganishwa, ulizeni gari la majitaka kabla ya kuufikiria mtaro. Na msisubiri mjikune: mwenzenu akipata vidonda mikononi au kifua kikimbana, kama kuna kisima cha jirani karibu na mtaro, au mkihamia rangi za chumvi zinazoyeyuka na kubaki zimeyeyuka, hapo ushauri wa maandishi umefika mwisho. Mwiteni mtu aje aone. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanaweza kuwaelekeza, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya kazi miaka mingi ya kusafisha majitaka kwa vitanda vya matete. Mwanao yuko chuo, abishe hodi huko.

Sampuli mtakazopeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ziwe mbili, ya maji kabla ya kutibiwa na ya baada, lita moja kila moja, chupa zijae hadi kizibo, ziwekwe kwenye barafu na zifike siku hiyohiyo. Ombeni pH, metali, na COD na BOD, yaani vipimo vya oksijeni inayohitajika kumaliza uchafu ulio majini, cha kwanza kwa kemikali na cha pili kwa vijidudu. BOD peke yake inachukua siku tano, na kiwango chake ni miligramu 30 kwa lita. COD ni 60. Majibu yakitoka nitumie pamoja na namba ya ile chupa ya shabu iliyoshinda, na majina ya rangi kama yalivyoandikwa kwenye kopo.